Kumbukumbu inanipotea nikiwa kazini, nifanye nini kila siku? (Fundi cherehani, Majengo Dodoma)

FundiMajengo

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, umri wangu miaka 43, watoto watatu. Naomba mawazo yenu, na wenye ujuzi wa afya naomba mnijibu kwa kirefu, maana jambo hili linaninyima raha.

Tangu msimu wa sare za shule naona kichwa hakishiki. Mteja anakuja, nampima bega, kifua, kiuno, nikifika hipsi simu inaita au bodaboda analeta mzigo. Nikirudi kwenye daftari, kiuno sikikumbuki. Inabidi nimpime upya, na yeye anaanza kunitazama. Majina ndiyo usiseme. Mtu nimeshamshonea nguo kadhaa, anaingia ananisalimia kwa jina la mwanangu, nami namwitikia vizuri huku moyoni najiuliza huyu ni nani. Mkasi nikiuweka tu siuoni tena. Wiki hii nilitoka kwenda kununua zipu, narudi nakuta pasi ya mkaa iko mezani bado ya moto, pembeni kuna kitenge cha watu.

Kinachonitisha zaidi ni mama yangu mzazi. Yuko Kondoa, amevuka miaka 70, siku hizi anauliza jambo lile lile tena na tena kabla chai haijapoa. Najiuliza kama ni ya kurithi na kwangu imeshaanza.

Kuna rafiki ananishawishi ninunue vidonge vya kuongeza kumbukumbu. Bei yake kubwa, na ada za watoto zinanisubiri. Nataka mambo madogo ninayoweza kuyafanya kila siku nikiwa hapa hapa kwenye cherehani. Kuhusu usingizi niseme ukweli: nalala saa saba usiku, saa kumi na moja alfajiri niko macho.

Kaka_Virutubisho

Pole dada. Tafuta vidonge vya ginkgo, vinatengenezwa kwa majani ya mti wa China. Vinapeleka damu kwenye ubongo. Shemeji yangu anatumia na anasema anajisikia vizuri. Kula na karanga kwa wingi.

Dereva_Nkuhungu

Dada fundi, pole sana. Mimi ni wa bajaji, sina elimu ya afya, nakupa ninachokifanya. Abiria wangu wa kudumu wananituma vitu: sukari, dawa ya mbu, vocha, unga wa mtoto, kandambili. Zamani nilikuwa naandika mkononi kwa kalamu, jasho linafuta. Siku hizi kila kitu nakipachika mahali ninapopajua. Sukari naiona imemwagika pale Nyerere Square, watu wanaikanyaga. Dawa ya mbu naipulizia mlango wa stesheni ya treni. Kandambili moja kubwa imelala katikati ya barabara Sabasaba. Nikifika kuchukua vitu napita tu kichwani, Nyerere Square kuna nini, stesheni kuna nini. Vinakuja vyenyewe. Picha ikiwa ya ajabu ndiyo inakaa zaidi.

Na jambo lingine, abiria akipanda namuuliza jina halafu namwita kwa jina hilo kabla hajashuka. Jina nisilolitamka halikai.

BibiMuuguzi_Mpunguzi

Mbukwenyi wanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini muda mrefu wa maisha yangu, sasa niko Mpunguzi na mizabibu. Fundi, nitakujibu kwa kirefu kama ulivyoomba, maana swali lako nililisikia mara nyingi kutoka kwa kina mama wa umri wako, na wengi waliondoka na hofu tu bila maelezo.

Nianze na lililo kubwa kuliko yote. Mengi unayoyaita kusahau, mwanangu, hayakuwahi kuingia. Kitu kikumbukwe jioni, lazima asubuhi kilipewa nafasi na akili yako. Kile kiuno ulichokipima kabla simu haijaita kilikuwa kinashikiliwa na kumbukumbu ya muda mfupi sana, na hiyo nafasi yake ni finyu kwa kila binadamu. Mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba mtu anaweza kushika vitu kama saba kwa wakati mmoja, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Nelson Cowan mwaka 2001 akaonyesha kwamba ni vichache kuliko hapo, kama vinne. Sasa hesabu vipimo vya gauni moja: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono. Umeshavuka. Simu inaita, anayepiga anakuambia habari zake, kiuno kinatoka. Hata msichana wa miaka 20 kingemtoka.

Wodini hatukuruhusiwa kutegemea kichwa, na hiyo ndiyo siri ya wauguzi kuonekana wana kumbukumbu. Daktari akisema dawa kwa mdomo, unamrudishia kwa sauti: jina la dawa, kiasi, mara ngapi. Akikubali, unaandika hapo hapo. Kabla ya kumpa mgonjwa unapitia haki zake tano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kiasi ndicho, njia ndiyo, saa ndiyo. Na anayepanga dawa hasemeshwi. Anayetaka salamu anasubiri.

Hayo yahamishie kwenye kibanda chako. Chagua mpangilio mmoja wa kupima na usiubadilishe kamwe, toka juu kwenda chini. Bega kwanza, siku zote. Kila namba itamke kwa sauti, "kiuno thelathini na mbili," mteja aisikie, uiandike kabla futi haijashuka kwenye hipsi. Usipime viwili ndipo uandike. Simu ikiita ukiwa na futi mkononi, iache iite mpaka umalize mstari wa mwisho. Anayekuhitaji atapiga tena. Ikibidi upokee, weka kidole cha kushoto kwenye mstari uliofikia kisha ndipo useme haloo. Ukiwa na mpangilio usiobadilika, hata ukikatizwa, nafasi tupu kwenye daftari itakuonyesha kilichobaki.

Kitambaa nacho kipe jina siku hiyo hiyo. Kikaratasi chenye jina la mteja, mtaa, mshono na siku ya kuchukua, kifunge kwa pini kwenye kitambaa chenyewe. Ukifanya hivyo utasoma hilo jina kila unapokishika kitambaa: unapokata, unaposhona, unapopiga pasi. Mpaka mteja arudi umeshamtaja mara nyingi bila kujisumbua. Na unapoandika mtamkie: "Mama Neema wa Chang'ombe, kitenge cha tausi." Kijana wa bajaji amesema kweli, jina lisilotamkwa halikai, na jina likiunganishwa na rangi au mtaa linapata pa kushikia.

Mkasi, futi, chaki na funguo: kila kimoja msumari wake ukutani, mkono wa kulia. Hapo hutakumbuka chochote, na hakuna haja. Akili iache ishughulike na watu.

Pasi ya mkaa ni suala la usalama, kwa hiyo hapo sikushauri uitegemee akili hata kidogo. Kanuni iwe moja: hutoki kibandani kabla mkono haujaigusa mpini na kuihamishia sakafuni kwenye kigae, mbali na nguo, na useme kwa sauti, "pasi iko chini." Ukilisema utalikumbuka ukiwa njiani kwenye zipu, hutahitaji kurudi kuhakikisha.

Sasa usingizi. Hapa ndipo ningekushika mkono kama ungekuwa mbele yangu. Kutoka saa saba usiku mpaka saa kumi na moja ni saa nne. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mtu anafikiri akilala ubongo umezimwa, kumbe usiku ndipo mambo ya mchana yanaporudiwa na kuimarishwa. Kuna sehemu ndani ya ubongo inaitwa hipokampasi, ipo kulia na kushoto, ndiyo inayopokea kumbukumbu mpya za matukio. Tukiwa usingizini ile shughuli ya mchana inarudiwa humo, na taratibu mambo yanajengeka kwenye sehemu nyingine za ubongo ambako yanakaa muda mrefu. Ukikata usingizi umekata kazi hiyo. Na kesho yake umakini umeshuka, kwa hiyo hata mapya hayaingii vizuri. Unapoteza kotekote.

Najua utasema mama, sare za shule zinanidai. Najua. Nimekaa zamu za usiku, ninaelewa uchovu unavyofanya macho yaone na akili isione. Lakini angalia hesabu ya kazi yenyewe: gauni lililokatwa vibaya saa sita usiku linafumuliwa mchana. Ikikupasa kukesha msimu wa harusi, basi kazi za usiku ziwe zile zisizotaka kufikiri, kama kupindia na kushona vifungo. Kukata na kuhesabu vipimo kuwe asubuhi. Na usikeshe siku mbili mfululizo. Lala saa ile ile kila siku hata kama ni nusu saa mapema kuliko sasa, kisha ongeza nusu nyingine wiki ijayo. Simu ikae nje ya chandarua.

Umeogopa kwamba ubongo unaondoka wote. Nikupe habari ya mgonjwa mmoja anayefundishwa vyuoni. Henry Molaison wa Marekani alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 akiwa na miaka 27, kwa ajili ya kifafa. Sehemu kubwa ya hipokampasi ikatolewa pande zote mbili. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika matukio mapya. Mtu akitoka chumbani na kurudi, anamwona mgeni. Lakini walipomfundisha kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo, mkono wake uliendelea kuboreka kila siku, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuchora. Ndiyo maana mikono yako inaingiza bobini bila wewe kuwaza, huku jina la mteja linakukwepa. Ustadi wa mikono na majina ya watu havitunzwi mahali pamoja. Kwa hiyo usitumie kusahau jina kama ushahidi kwamba ufundi unakwenda.

Mwili nao uangaliwe, mwanangu, maana huenda hakuna kasoro kwenye kumbukumbu yenyewe. Mwanamke wa miaka 43 anayepata hedhi nzito anaweza kuwa na upungufu wa damu, na damu ikipungua uchovu unakuja na umakini unaondoka. Kuelekea kukoma hedhi wanawake wengi wanalalamika kichwa kizito na kusahau majina. Usingizi unavurugika kwa sababu ya joto la mwili. Tezi la shingoni likifanya kazi pungufu, vivyo hivyo. Sukari, presha, sonona, pombe. Nenda kituo cha afya upime presha, wingi wa damu na sukari, ueleze na mambo ya tezi. Kama kuna mtu anayetumia metformin ya kisukari kwa muda mrefu, amwambie daktari aangalie vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuishusha na upungufu wake unagusa neva na kumbukumbu. Na hizi dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, watu wanazimeza ili walale. Zinaacha akili na ukungu asubuhi, na kwa wazee ni mbaya zaidi.

Kaka wa vidonge, sikugombezi, ila nimjibu dada yetu kwa uwazi. Ginkgo ilijaribiwa kwa uangalifu nchini Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, miligramu 240 kwa siku kwa miaka kadhaa, matokeo yakatolewa mwaka 2008. Haikuzuia dimensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Pia inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Fundi, hela hiyo peleka kwenye ada na kipimo cha damu. Karanga kula, ni chakula kizuri, pamoja na mlenda wako, dagaa na maharage. Hakuna chakula kimoja cha kumbukumbu. Ila kunywa maji, hasa miezi hii ya upepo na vumbi; mwenye kiu hana umakini.

La mwisho ni miguu. Kazi yako ni ya kukaa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120: nusu yao walitembea kwa kasi dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, nusu wengine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Waliotembea hipokampasi yao ilikua kama asilimia 2, wa kunyoosha ikapungua kidogo. Kukua huko ni kudogo, ila kwa umri ule kwa kawaida inasinyaa. Shuka daladala kabla ya kituo chako jioni jua likishapoa, utembee kwa mwendo wa mtu anayewahi. Hiyo ni bure na inasaidia presha na usingizi pia.

MwanaElimu_UDOM

Shikamoo bibi. Ahsante kwa somo, nimehifadhi.

Nakuongezea dada fundi kitu kimoja tunachokitumia kwenye masomo, na nadhani kwako kitafaa zaidi kuliko kwetu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimeondoka, halafu kasi ya kusahau inapungua. Maana yake ukirudia jambo mapema, kisha tena kesho, kisha baada ya siku kadhaa, unalikamata kabla halijaenda.

Na kurudia kwenyewe kuna namna. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walisoma tena na tena, wengine walisoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima wakawapita. Wengi tunadanganyika hapo, kusoma tena kunakupa hisia kwamba unajua.

Kwako ingekuwa hivi: unapofunga kibanda, daftari likiwa limefungwa, taja waliokuja leo. Nani, kitambaa gani, anachukua lini. Ukikwama usikimbilie kufungua, jipe muda ukae na ugumu huo kidogo, ndipo uangalie. Asubuhi ukiwa unapaka mafuta cherehani, jaribu tena. Ile dakika ya kuhangaika ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo usiione kama dalili mbaya.

Na wewe kaka wa bajaji, hiyo njia yako ya kupachika vitu barabarani ni ya kale mno. Wagiriki na Warumi waliitumia kukariri hotuba, wakasema ilianzishwa na mshairi Simonides. Halafu mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao lazima wakariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyekaa kazini muda mrefu yake ilikuwa kubwa zaidi.

Dereva_Nkuhungu

Mdogo wangu umenifurahisha. Nitawaambia wenzangu kijiweni. Vijana wengi sasa hata Ipagala mpaka Ilazo wanafuata ramani ya simu, chaji ikiisha wanauliza abiria. Mimi mtaa mpya naingia kwanza bila simu, nikirudi ndiyo naangalia ramani kama nimepita sawa. Mji unapanuka huku Mtumba na Ihumwa kila mwezi kuna kona mpya, mtu asipojizoesha anapotea.

FundiMajengo

Shikamoo mama, na nyote nashukuru mno. Mama, nimesoma maneno yako kwa sauti hapa kibandani, jirani yangu wa vitenge akaja kusikiliza. Misumari nimeshapigilia. Kumwacha anayepiga simu asubiri kunanipa shida kidogo kwa sababu wateja wa harusi hawana subira, lakini nimewaambia wawili leo, "nina mtu kwenye futi, nitakupigia," wakaelewa. Kesho natangulia kupima damu, kweli hedhi yangu ni nzito na sikuwahi kuiunganisha na hili.

Naomba unisaidie kuhusu mama. Kuuliza mara nyingi nimeshasema. Dada anayekaa naye anasema juzi alitoka kwenda kwa jirani, nyumba aliyoizoea miaka yote, akasimama njiani hajui aelekee wapi. Pia ameacha kusuka mikeka, anasema mstari unamchanganya. Alikuwa msukaji hodari. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee tu. Na mimi, nitafuata njia hiyo?

BibiMuuguzi_Mpunguzi

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kulitenganisha la mama, maana halifanani na lako hata kidogo.

Wewe unasahau jina, jioni linakujia. Unasahau mkasi, unautafuta kwa kufuata ulikopita. Na unajua kwamba umesahau, ndiyo maana umekuja kuuliza. Kwa mama mambo mawili uliyoyataja yananifanya nikuambie usisubiri: kupotea njia anayoijua, na kuacha kazi ya mikono aliyoimudu kwa sababu hatua zinamchanganya. Mtu akizeeka anakuwa mzito, anahitaji muda zaidi kukumbuka. Hapotei kwa jirani. Waambie nyumbani kwa upole kwamba uzee pekee hauleti hayo, na kwamba kumpeleka hospitali hakumaanishi mmemwita mgonjwa wa akili. Hilo neno linawafunga wengi wasije mapema.

Tena kuja mapema kuna faida ya kweli, kwa sababu baadhi ya vinavyofanana na dimensia vinatibika. Upungufu wa B12, tezi, sonona hasa kama amefiwa miaka ya karibuni, maambukizi, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka hata kuanguka kudogo, dawa zinazogongana. Masikio pia. Mzee asiyesikia vizuri anauliza tena na tena kwa sababu jibu halikumfikia, wakati mwingine ni nta tu imeziba. Macho yenye mtoto wa jicho yanamfanya asiione mistari ya mkeka. Mwambie daktari aanzie hapo.

Kuhusu kurithi: aina za dimensia zinazorithishwa moja kwa moja ni chache sana, na kwa kawaida hujitokeza mapema, kabla ya miaka 60 au 65. Kuwa na mzazi aliyeipata uzeeni kunaongeza hatari kwa kiasi fulani, hakukuandikii kwamba utaipata. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na likakadiria kwamba yote yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kati yake kuna presha, sukari, kutosikia, kutoona, kutofanya mazoezi, kuvuta sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, sonona, na upweke. Kwa hiyo ukitembea na kupima presha unajitunzia uzee, na hiyo bodaboda upande na kofia ngumu.

Nyumbani mwambieni dada msimjibu mama "nimeshakwambia." Kwake yeye ni mara ya kwanza anauliza, na ukali unamwachia huzuni hata maneno yenyewe yakipotea. Ajibiwe kwa sauti ile ile, kisha apewe kazi ya mikono iliyo rahisi, kuchambua mchele au kupukuchua mahindi, akiwa na watu. Kama anasoma, andikeni kwa herufi kubwa siku na nani anakuja, mbandike karibu na anapokaa. Mazungumzo ya zamani muache yaendelee, ya ujana wake yatakuwa imara kuliko ya jana, na akiyasimulia anapata heshima yake. Asitoke peke yake, na pasi, jiko na mafuta ya taa viwe mbali.

Siku mkimpeleka, kusanyeni dawa zake zote mfukoni, za hospitali, za dukani na za miti shamba, msichague. Aende na dada anayeishi naye, kwa sababu daktari atauliza ilianza lini, ilikuja ghafla au polepole, analalaje, alianguka lini. Mwandike hayo kabla ya kutoka nyumbani. Kama amebadilika kwa siku chache tu, au ana homa, au upande mmoja wa mwili umelegea, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni hapo hapo. Na daktari akianza kumuuliza mama maswali, mwacheni ajibu mwenyewe hata kama anachelewa au anakosea. Msimjibie. Nyinyi mtaulizwa baadaye.